Chungwa Kwenye Droo ya Uzi

Jumamosi, 11 Januari 2025. Ngamiani, Tanga.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Kurasa sita za mwanzo zimejaa mabega na viuno vya watu. Kuanzia leo ni langu, kwa amri ya nesi: niandike nilichokula, saa niliyokula, na mashine ya sukari ilisoma ngapi. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika. Akanijibu, "Mama, viuno vya wanawake wote wa Tanga unaviandika, sahani yako mwenyewe ndiyo itakushinda?"

Haya. Niandike basi na la juzi, kabla halijawa hadithi ya watu.

Alhamisi nilikuwa na sare kumi na saba za shule, na wazazi wamejipanga mlangoni kama foleni ya duka la kaya enzi zile. Alfajiri nilimeza vidonge vyangu kama siku zote, nikanywa chai ya rangi bila sukari na kipande cha mkate. Saa nne nikasema nimalizie kola. Saa saba nikasema nimalizie vifungo. Saa nane na nusu nimeshika mkasi nakata mikono ya blauzi, mara naona mstari wa chaki unacheza. Midomo ikafa ganzi kama nimetafuna karafuu. Jasho likanimwagika mgongoni, jasho la baridi, na feni inazunguka juu ya kichwa changu. Binti ninayemfundisha kazi akaniuliza jambo dogo tu, nikamkaripia kwa ukali ambao hata sijui niliutoa wapi. Baada ya hapo sikumbuki.

Wanasema niliangukia marobota ya kitambaa, bahati yangu. Mmoja akanishika taya anitilie maji kinywani. Mwingine akasema ni kifafa, nisiguswe. Wa tatu akataka nisomewe kwanza. Aliyeniokoa ni kijana wa bajaji ambaye mama yake naye ana sukari: alikataza maji, maana mtu asiyejitambua humezea kwenye mapafu, akanilaza ubavu, akanipakia. Hospitali mashine ilisoma 1.9. Wakanitilia glukosi kwenye mshipa, nikafumbua macho naulizia sare zangu.

Walinilaza usiku ule, kwa sababu dawa yangu ikishusha mara moja inaweza kurudia tena saa kadhaa baadaye. Kidonge kimekatwa nusu mpaka nimwone daktari wa kliniki.

Leo nimerudi kibandani. Blauzi ile ipo mezani kama nilivyoiacha. Nimekata mikono miwili, yote ya kushoto. Miaka thelathini na minane nashika mkasi, haijanitokea.


Jumapili, 12 Januari.

Wifi yangu alipoambiwa kwamba sukari ilishuka, alisema, "Ya kupanda tunaijua. Kushuka tena?" Simlaumu. Miaka tisa nimeambiwa sukari ni adui yangu. Nimeifukuza kwenye chai, nimeiogopa kwenye tende, nimekataa kashata za harusi za watu mpaka nikaonekana najidai. Sasa naambiwa nitembee nayo kwenye mkoba.

Nesi alinieleza kwa utulivu, tumekaa kwenye benchi, na nataka nimwandike alivyosema kabla sijasahau. Kidonge cha glibenklamidi kinaikamua kongosho itoe insulini, na hakiulizi kama umekula au hukula. Kile kingine, metformini, kikiwa peke yake hakina tabia hiyo. Ini nalo lina akiba ya sukari, kama pipa la unga jikoni. Ukichelewa kula linaikopesha damu. Ila insulini ikizidi, ni kama mtu ameukalia mfuniko wa pipa. Unga umo, mkono haufiki. Na ubongo hauna pipa lake. Unakula sukari iliyo kwenye damu usiku na mchana, kama gramu 120 kwa siku. Nimerudi nyumbani nikapima kwa kikombe changu cha unga: inapita nusu. Sukari yote hiyo nafikiria nini, mimi?

Masharti yake ni machache. Chini ya 4, usijadiliane nayo. Vijiko vitatu vya chai vya sukari, vilivyojaa, ndani ya maji. Au soda nusu chupa, na iwe soda yenye sukari, si ile ya wenye kisukari. Au kijiko kikubwa cha asali. Dakika kumi na tano unasubiri, unapima tena. Haijapanda, unarudia. Ikipanda unakula chakula cha kukaa tumboni, maana sukari ya maji inakuja mbio na kuondoka mbio. Usikimbilie andazi wala chokoleti wakati umeshuka, mafuta yanaichelewesha.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nyumbani kwenu nani anakula wa kwanza?"


Jumatano, 15 Januari.

Saa 1 asubuhi, 6.2. Maandazi mawili, chai ya rangi. Saa 5, 4.0, mikono myepesi, hasira bila sababu. Nimekula ndizi.


Ijumaa, 17 Januari.

Saa 1 asubuhi, 6.4. Uji wa dona niliotilia karanga za kusaga, na yai la kuchemsha. Saa 5, 5.9. Mikono yangu mwenyewe.

Tumbo lile lile, dawa ile ile. Andazi la unga mweupe linawaka kama karatasi. Uji wa dona ni gogo la mkoko. Vijiti vya kupimia ni ghali, sitaweza kuvitumia hivi kila siku, lakini hivi vinne sivijutii.


Jumatatu, 20 Januari. Usiku mkubwa.

Naandikia kitandani. Wifi amelala, au anajifanya.

Hili sijamwambia nesi. Tangu mwezi wa kumi na moja nimekuwa nikishtuka usiku nalia. Naota nafukuzwa, naota nazama kule Raskazone, naamka shuka limelowa unaweza kulikamua, kichwa kinagonga mpaka asubuhi. Wifi akaamua nina jini. Hakusema kwa ubaya. Kwao kuna waliopanda na mpaka leo wana kiti chao, na yeye anajua dalili zao kuliko mimi. Alishanitajia mtu wa Pangani. Alishahesabu mpaka bei ya ubani na marashi.

Usiku huu nimeamka vile vile, moyo mbio, shuka chapa. Nikasema kabla ya ubani, kidole. Nikatoboa gizani kwa tochi ya simu. 3.1.

Nimekunywa maji ya sukari nimekaa sakafuni. Baada ya robo saa, 4.7. Nimekula kipande cha muhogo wa jioni na maziwa kikombe. Kichwa kimeanza kutulia.

Siwezi kumwambia mtu kwamba majini hayapo. Si kazi yangu, na Tanga hii hawataniamini. Ninachosema ni kwamba huyu wangu anaondoka kwa vijiko vitatu.


Jumanne, 21 Januari.

Nimempigia nesi. Amenihoji kama askari. Nilikula saa ngapi? Saa kumi na mbili na nusu, na mjukuu. Nililala saa ngapi? Saa sita. Katikati nilifanya nini? Nilikaa tu, nikasema, nashona. Cherehani ya umeme? Hapana, ya miguu.

Akacheka mpaka nikachukia. "Mama, hukukaa. Miguu yako imetembea mpaka Pongwe."

Sikuwahi kulihesabu kanyagio kuwa ni mwendo. Saa tano za kukanyaga juu ya chakula cha magharibi, halafu kitanda. Misuli inaendelea kunywa sukari hata baada ya kazi kuisha, ndiyo maana saa nane za usiku. Kwa hiyo: nikishona usiku, nile kidogo kabla ya kulala. Maziwa, au karanga na kipande cha mkate. Amesema pia niseme mapema siku nyingine, kwa sababu mwili ukizoea kushuka mara kwa mara, kengele yake inafifia. Siku moja utashuka bila jasho wala kutetemeka, utajikuta uko chini.

Wifi aliposikia nampigia nesi habari za ndoto, alisonya. Lakini mtu wa Pangani hajatajwa tena leo.


Jumapili, 2 Februari.

Msiba Makorora, shangazi yake mteja wangu wa siku nyingi.

Chai tulipewa saa mbili, na skonzi. Nilikuwa nimeshameza dawa. Wali wa msiba unasubiri maziko, maziko yanasubiri ndugu kutoka Dar es Salaam, na basi la ndugu limeharibika gurudumu kabla ya Muheza. Saa saba ikapita. Saa nane. Tumekaa mkekani bega kwa bega, joto, udi, watu wanasoma. Nikaona herufi za kitabu mkononi mwangu zinagawanyika mbili mbili.

Kijiti sikuwa nacho. Nesi alisema kama huwezi kupima na dalili unazijua, kula kwanza, ubishi baadaye. Nikajifunika ushungi, nikatoa kile kikaratasi cha sukari nilichosokota, nikamimina yote ulimini kama mtoto mwizi. Hiyo hakuna aliyeiona. Kilichonisaliti ni chungwa. Nilikuwa nimelimenya nyumbani, lakini chungwa la Muheza ukiligawa tu, harufu yake inafika uani.

Bibi mmoja mkubwa akageuka. "Msibani mtu anakula chungwa?"

Kama angeniuliza mwaka jana ningelirudisha mkobani na kuzimia kwa heshima. Nikamwambia, "Nisamehe dada yangu. Nisipolila sasa hivi, leo mtazika wawili."

Kimya kidogo. Nikaona mabega ya jirani yangu yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka, amejiziba mdomo kwa kanga. Bibi mkubwa naye akageukia mbele haraka mno. Halafu jirani yule akaninong'oneza, bila kuniangalia: "Mimi pia ninayo. Nina mwaka wa nne. Nikatie kipande."

Wawili mkeka mmoja, na sote tumekaa na njaa kwa adabu.


Jumanne, 11 Februari.

Kliniki. Nimefika saa moja, nimeitwa saa sita kasoro. Benchi la kliniki ya kisukari ni darasa. Ninajifunza kwa wagonjwa kuliko kwa mabango.

Kulikuwa na mzee mvuvi wa Sahare, anajidunga insulini. Hana friji, anaitia kwenye chungu cha udongo kilichofukiwa mchanga wenye maji, inakaa ubaridi. Baharini anabeba kichupa cha asali alichokifunga kwa uzi shingoni, kwa sababu mfukoni kiliwahi kuanguka majini. Akasema samaki hawajui saa ya chakula, ukiwapata huwezi kuwaambia subirini nile. Nikamwambia wazazi wa wanafunzi nao ni hivyo hivyo. Mama mwingine ana presha na sukari pamoja, anasema yeye akishuka hatetemeki wala moyo haumwendi mbio, analowa jasho tu. Nesi aliyekuwa anapita akasikia, akasimama: zipo dawa za presha zinazoficha kutetemeka na mbio za moyo. Jasho haziwezi kulificha. Kwa hiyo wewe mama, jasho ndiyo kengele yako, usisubiri nyingine.

Daktari kijana, mpole. Amelipekua daftari hili. Nimeona aibu kwa mambo mengine niliyoyaandika, lakini alisoma namba tu, au alijifanya. Damu imeonyesha figo zangu zimepunguza kasi. Si za kutisha, ila dawa inakawia kutoka mwilini, na glibenklamidi yenyewe ni ya kukaa muda mrefu. Kwa waliopita miaka 60, Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba haifai. Mimi nina 61. Amenihamishia gliklazidi. Nayo inaweza kushusha, amesema, ila si kwa inda ile.

Nikadhani yameisha. Akaniuliza kuhusu Ramadhani.

Nilijua ataniuliza. Ndiyo maana nilivaa ushungi mpya, nionekane mzima. Akasema mtu aliyeanguka kwa sukari ndani ya miezi mitatu kabla ya mwezi mtukufu, ushauri wao ni asifunge. Nikamwambia nimefunga tangu nina miaka kumi na mmoja. Hakubishana. Akasema yeye naye anafunga, na ile ruhusa ya mgonjwa aliyeiweka si daktari.

Nimetoka na vidonge vipya. Nimesahau mwavuli. Sikurudi kuuchukua.


Ijumaa, 21 Februari.

Mjukuu amejifunza. Ana miaka kumi. Nimemwekea kopo la sukari chini ya mtungi, na kijiko chake ndani. Nimemfundisha: bibi akiongea ovyo, au akikasirika bila sababu, au akitoka jasho, mpe kikombe. Bibi akiwa hajibu, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbilia kwa jirani mwenye bajaji.

Leo nimemgombeza kwa kuacha viatu mlangoni. Akaniletea kikombe.

Nikapima ili nimwonyeshe. 7.1. Nikamwambia, hii ni hasira ya kawaida, kaviokote.


Jumatano, 5 Machi.

Ramadhani imeingia, na mimi nakula.

Naandika hivyo nilione neno lenyewe lilivyo. Saa moja, uji. Saa nne, chungwa na karanga. Saa saba, kunde za nazi, ugali wa dona kidogo na mchicha. Saa kumi, tunda. Jioni nakaa kwenye futari na wenzangu, napokea tende moja kwa adabu, na sioni ladha yake, kwa sababu ladha ya tende ni njaa.

Kibandani nakulia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nimekaa kwenye kigoda, sahani magotini, natafuna polepole nisisikike, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Jana mtoto wa mteja alifunua pazia. "Mama! Bibi anakula!" Mama yake akamvuta sikio, akaomba radhi mara tatu, na kila alivyoomba radhi ndivyo nilivyotamani ardhi ipasuke. Binti yangu wa kazi amefunga, midomo imemkauka, na bado ndiye aliyeenda kunifungia pazia kwa pini.

Fidia nimeipima. Kibaba cha mchele kwa kila siku, kama tulivyosomeshwa chuoni. Nimetenga thelathini, mwezi ukiandama kwa ishirini na tisa cha ziada kiwe sadaka. Nampelekea mjane mmoja wa Chumbageni. Anapokea, ananiombea afya. Sijamwambia ni fidia ya nini, ila nadhani anajua. Mtu hapewi vibaba hivi bila hesabu.

Wifi hasemi. Ukimya wake una sauti kubwa kuliko cherehani. Siku ya kwanza alisema tu, "Ungekula daku ya kushiba, ungefika." Nikamweleza kwamba si suala la shibe, kwamba daku hata iwe pilau la sinia haivuki mchana wangu na vidonge, na kwamba hata mwenye kufunga na sukari yake, mashine ikisoma chini ya 3.9 anatakiwa kufungua hapo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana ilie. Akasema, "Dakika kumi?" Kwa namna alivyoliuliza, nilijua ameelewa, na ndicho kilichomkera.


Jumapili, 16 Machi.

Kazi za Idi zimenivamia. Magauni ishirini na tatu, kanzu sita, suruali za watoto sijahesabu.

Saa saba kasoro leo nilikuwa na gauni la lesi chini ya sindano, lesi ya bei mbaya, isiyotaka haraka. Nikasema nusu saa tu. Nusu saa ile ile ya Januari, naijua sura yake. Nikasikia hodi. Wifi, ametembea juani kutoka nyumbani, amefunga, jasho linamtiririka, mkononi sinia limefunikwa kawa. Akaliweka juu ya meza ya kukatia, juu kabisa ya karatasi za vipimo. Choroko za nazi, samaki wa kukaanga, kipande cha muhogo. Vya moto.

Alipika mchana wa Ramadhani bila kuonja chumvi.

"Kula," akasema. "Chumvi kama haitoshi usiniambie." Akaondoka.

Ilikuwa haitoshi.


Alhamisi, 27 Machi.

Mteja wa lesi alifika saa saba na dakika tano, dereva anamsubiri nje. Ni mtu mkubwa mjini hapa. Miaka yote nimemwita "mama" na yeye ni mdogo kwangu. Gauni limebaki upindo. Akasema anasimama hapo hapo mpaka liishe.

Nikamwambia ndani ya dakika ishirini nitaanza. Sasa nakula.

"Mwezi huu?"

"Mwezi huu, mama. Nina ruhusa, na nina njaa."

Sikuingia nyuma ya pazia. Sikuwa nimepanga, miguu ilikataa tu. Nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani nimempa mgongo kidogo, kwa kumstahi yeye aliyefunga, nikala. Nasikia bangili zake. Anahema. Anaangalia simu. Nikatafuna kama alivyosema nesi, nisimeze haraka. Kisha nikanawa, nikakunja upindo, ukanyooka kama mstari wa bahari. Akalipa. Akahesabu chenji yake mpaka senti ya mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Huenda nimempoteza. Kama nimempoteza, basi ni kwa sahani ya choroko. Nimewahi kupoteza wateja kwa mambo ya kipuuzi zaidi.


Alhamisi, 3 Aprili.

Idi imepita, na niandike na hili, daftari lisije likanidhania mchamungu wa chakula.

Nilikula biriani. Nikala tena. Nikanywa sharubati ya ukwaju glasi mbili, visheti sikuvihesabu. Nikajiambia nimeshuka sana mwaka huu, acha nipande. Usiku, 14.6. Kiu, mkojo, macho mazito kama yamepakwa uji.

Nimemwambia nesi. Hakunigombeza. Alisema wengi wanaoanguka mara moja hufanya hivi: wanakula kwa woga, kila saa kitu mdomoni, wanakaa juu mwaka mzima ili wasiione chini tena. Woga wa 3 usinifanye nihamie 14. Kula ukiwa na saa, siyo ukiwa na hofu. Kisha akauliza biriani ilikuwa ya kuku au ya mbuzi.


Jumanne, 8 Aprili.

Saa 1 asubuhi, 6.0. Uji, yai. Saa 4, karanga ngumi moja. Saa 7, kande, mtindi. Saa 10, 5.8.

Tangu tarehe 11 Februari nimeshuka chini ya 4 mara mbili tu, na zote nilizihisi zikija. Moja ilikuwa siku ya kwenda sokoni Mgandini na kurudi kwa miguu kabla ya kula. Nyingine ni uzembe.

Nyumbani wifi sasa anapakua ya kwangu kwanza. Hakutangaza. Siku ya tatu ndipo nilipogundua sahani yangu inafika kabla ya ya mwanawe mkubwa, ambaye alitazama sahani, akamtazama mama yake, akanyamaza.

Ile blauzi yenye mikono miwili ya kushoto, binti ameniomba aifumue. Amekata mkono mmoja upya kwa kipande kilichobaki, ameunga kwapani mahali pasipoonekana. Kazi safi. Kuna mtoto yatima barabara ya kumi na nne anayevaa kipimo hicho, atapelekewa kesho.

Nimefungua droo kutafuta uzi wa bluu wa kumalizia. Humo mna machungwa mawili. Mimi asubuhi niliweka moja.

Uzi wa bluu umekwisha.